Mkulima wa Nchi za Baridi na Hesabu ya Jalidi

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mkulima hutazama mbingu akingoja mvua. Mvua ikinyesha hupanda, ikikawia hungoja, na mazungumzo ya sokoni na barazani huwa ni juu ya mawingu. Lakini ziko nchi ambazo mvua hunyesha karibu kila mwezi, na udongo wake una rutuba, walakini mkulima wa huko hathubutu kuacha nyanya wala maharagwe nje kwa muda unaozidi nusu ya mwaka. Kinachomzuia si ukame bali ni baridi. Na katika baridi yenyewe, kitu anachokihofu kuliko vyote ni jalidi, yaani ule umande unaoganda juu ya majani ukawa kama unga mweupe wa barafu.

Jalidi haihitaji siku nyingi kufanya kazi yake. Usiku mmoja waitosha. Jioni mkulima huiacha bustani ikiwa imestawi, na asubuhi jua linapopanda huyakuta majani yamelegea na kuwa meusi, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Jasho la miezi miwili limekwenda bure. Mbegu nyingine zaweza kununuliwa, lakini siku zilizopita hazinunuliwi, na katika nchi ambayo msimu wa joto ni mfupi, siku ndizo mali.

Kwa sababu hiyo wakulima wa nchi za baridi wamejifunza kupanda kwa hesabu. Hesabu hiyo yafaa ijulikane hata na watu wa nchi nyingine, kwa kuwa ndani yake mna fundisho kwa kila mtu ashikaye jembe.

JALIDI HUUAJE MMEA?

Maji huganda kwenye digrii 0 za Selsiasi, ambazo ni sawa na digrii 32 za Fahrenheit. Jani la mmea limejaa maji. Baridi ikizidi, barafu hufanyika ndani ya jani, nayo huzinyang'anya chembe zake maji na kuzipasua. Jua likiiyeyusha barafu hiyo, jani hulegea, hugeuka rangi, kisha hufa.

Lakini mimea haikuumbwa sawa. Kabichi, sukuma wiki, spinachi, njegere, vitunguu na karoti ni mboga zenye ustahimilivu. Jalidi nyepesi haiziui. Tena sukuma wiki na karoti huongezeka utamu baada ya baridi, kwa sababu mmea huzidisha sukari ndani yake ili ujilinde usigande. Upande wa pili ziko mboga dhaifu: nyanya, maharagwe, mahindi, maboga, pilipili hoho, matango. Nyingi kati ya hizo asili yake ni sehemu za joto za bara la Amerika, na tango lilitoka upande wa Bara Hindi. Mboga hizi hazikuzoea jalidi tangu mwanzo, na zikikutana nayo hufa. Kiazi kimesimama katikati: majani yake huungua, lakini mbegu iliyo chini ya udongo mara nyingi huchipua tena, ijapokuwa mavuno hupungua.

Jalidi ya kawaida huja katika usiku mtulivu usio na mawingu wala upepo. Mchana ardhi hupokea joto la jua, na usiku huliachilia lipande kwenda juu. Mawingu yakiwapo hulizuia joto hilo kama blanketi. Mbingu zikiwa wazi na nyota zikimeta, joto lote hutoroka, na udongo na majani hupoa kuliko hata hewa iliyo juu yake. Ndiyo sababu kipimajoto kilichowekwa kwa urefu wa kifua cha mtu chaweza kuonyesha digrii 36 za Fahrenheit, na huku nyasi za chini zimekwisha kuwa nyeupe.

TAREHE MBILI ZA KUKUMBUKA

Katika nchi zilizo mbali kaskazini ya ikweta, kama Uingereza, Ujerumani na majimbo ya kaskazini ya Marekani, mwaka una majira manne. Baridi kali hushika kuanzia Desemba hadi Februari. Kuanzia Machi hadi Mei ni majira ya kuchipua, wakati miti inapotoa majani mapya. Juni hadi Agosti ni majira ya joto, na Septemba hadi Novemba majani hupukutika na baridi hurejea. Basi mkulima wa huko huzishika tarehe mbili kichwani: siku ya jalidi ya mwisho katika majira ya kuchipua, na siku ya jalidi ya kwanza baada ya majira ya joto. Siku zilizo katikati ya tarehe hizo mbili ndizo mwaka wake wa mboga dhaifu.

Tarehe hizi zapatikana wapi? Hupatikana kwa kuandika. Vituo vya kupimia hali ya hewa huandika baridi ya kila usiku, mwaka baada ya mwaka. Huko Marekani hesabu hufanywa kwa kumbukumbu za miaka 30, na hesabu zilizotolewa baada ya mwaka 2020 ni za mwaka 1991 hadi 2020.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akiambiwa kwamba jalidi ya mwisho mahali pake huja tarehe 15 Mei, hudhani kuwa tarehe 16 ni salama. Sivyo. Tarehe hiyo ni ya katikati. Maana yake ni kwamba katika miaka 30, karibu miaka 15 jalidi ya mwisho ilikuja kabla ya siku hiyo, na karibu miaka 15 ilikuja baadaye. Apandaye nyanya siku hiyohiyo amerusha senti hewani, ikiangukia upande huu atakula, ikiangukia upande ule atapata hasara. Kwa hiyo wataalamu hutoa na tarehe nyingine iliyo mbele zaidi, ambayo baada yake jalidi huja mara moja tu katika miaka 10. Mwenye bustani ndogo ya nyumbani aweza kuthubutu katika tarehe ya kwanza. Mwenye mkopo wa kulipa na watoto wa kulisha hungoja ile ya pili.

JINSI HESABU INAVYOFANYWA

Tuseme mkulima anakaa mahali ambapo tarehe ya katikati ya jalidi ya mwisho ni 15 Mei, na ya jalidi ya kwanza ni 25 Septemba. Kati yake mna siku 133. Mkulima hodari huichukua kalenda, akaweka alama tarehe 15 Mei, kisha akahesabu kurudi nyuma na kwenda mbele.

Njegere huota hata katika udongo ulio baridi, tena miche yake haiogopi jalidi nyepesi. Basi yeye huzipanda majuma 5 kabla ya tarehe yake, yaani tarehe 10 Aprili, mradi udongo si tope. Miche ya kabichi huipeleka shambani majuma 3 kabla, yaani tarehe 24 Aprili. Lakini miche hiyo lazima iwe na umri wa majuma 6 hivi, kwa hiyo mbegu zake huwa zimesiwa tarehe 13 Machi, ndani ya nyumba penye dirisha la jua au katika nyumba ya vioo.

Nyanya husiwa ndani majuma 7 kabla ya tarehe yake, yaani 27 Machi, lakini haziendi shambani mpaka siku 10 hivi baada ya tarehe ya jalidi, yaani 25 Mei. Kabla ya kuhamishwa hutolewa nje saa chache kila siku kwa muda wa juma zima au zaidi, kwanza kivulini, kisha juani na penye upepo. Mche uliolelewa ndani tu ni kama mtoto aliyebebwa mgongoni siku zote. Ukiwekwa nje kwa ghafula huanguka.

Maharagwe hayahamishwi, hupandwa moja kwa moja shambani juma moja baada ya tarehe, yaani 22 Mei. Na hapa si hewa tu itazamwayo bali udongo pia. Mbegu ya haragwe ikilala katika udongo baridi na wenye maji huoza kabla ya kuota. Wakulima wengi huchomeka kipimajoto ardhini asubuhi, na wakikuta chini ya digrii 60 za Fahrenheit hurudi nyumbani na mbegu zao.

Mwishoni mwa majira ya joto hesabu hugeuzwa. Pakiti ya mbegu huandikwa idadi ya siku tangu kupanda hadi kuvuna. Kama maharagwe yahitaji siku 55, mkulima huongeza siku 14, kwa kuwa jua hupungua na mimea hukua polepole. Jumla ni siku 69. Akihesabu kurudi nyuma kutoka 25 Septemba hufika tarehe 18 Julai. Baada ya siku hiyo hapandi maharagwe tena, hata kama jua lawaka na udongo ni mzuri. Hupanda spinachi au sukuma wiki, ambazo jalidi ya kwanza haitaziondoa.

Waswahili husema kwamba haraka haraka haina baraka. Husema pia kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mkulima wa nchi za baridi hukaa katikati ya methali hizi mbili mwaka hata mwaka. Akitangulia, jalidi ya mwisho humwua. Akikawia, ile ya kwanza humkuta nyanya zingali mbichi.

DALILI ZA WAZEE

Kabla ya vipimajoto kuenea, watu hawakuwa bila elimu. Huko Ujerumani na nchi jirani, wakulima walishika siku za watakatifu zinazoangukia tarehe 11 hadi 15 Mei: Mamertus, Pankratius, Servatius, Bonifatius, na mwisho Sophie, waliyempa jina la Sophie wa Baridi. Huwaita Watakatifu wa Barafu. Desturi yao ilikuwa kutopanda mboga dhaifu nje mpaka siku ya Sophie ipite. Bustani nyingi za huko zingali zikifuata desturi hiyo.

Katika New England, kaskazini-mashariki ya Marekani, husemwa kwamba mahindi yapandwe wakati majani machanga ya mwaloni yanapofikia ukubwa wa sikio la kindi, na elimu hiyo husimuliwa kuwa walipewa na wenyeji wa asili wa nchi ile. Dalili ya namna hii ina akili ndani yake. Kalenda haijui kama mwaka huu joto limewahi au limekawia, bali mti hujua, kwa sababu mti husikia baridi ya mwaka uleule. Walakini mti nao waweza kudanganywa, kama itakavyoonekana.

MWAKA AMBAO HESABU ILISHINDWA

Mwaka 1816 wakulima wa New England walipanda kama kawaida yao. Mapema Juni, wakati mahindi yamekwisha kuota, baridi kali ilishuka ghafula na theluji ikaanguka katika sehemu za huko. Mahindi yakafa. Wengi walipanda tena. Julai jalidi ikarudi. Waliobakiwa na mbegu wakapanda kwa mara nyingine, na Agosti jalidi ikaja kwa mara ya tatu, mabua yakiwa bado mabichi. Mahindi, ambayo yalikuwa chakula cha watu na cha mifugo, yalikosekana mahali pengi, na bei ya nafaka ikapanda. Familia nyingi za Vermont na Maine zilifunga mizigo na kuhamia magharibi, kwenda kutafuta ardhi Ohio na Indiana.

Wakati ule wakulima hawakujua sababu ya msiba huo. Baadaye wataalamu waliona kuwa chanzo kikubwa kilikuwa mbali sana. Mnamo Aprili 1815 mlima Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa nchini Indonesia, ulilipuka kwa nguvu kubwa mno, ukatupa juu sana majivu na moshi wa kiberiti, navyo vikatanda duniani kama pazia mbele ya jua.

Mwaka kama ule si wa kila siku. Walakini wafundisha jambo moja: katika shamba, aliyetia tumaini lake lote katika zao moja dhaifu hupotewa na yote. Ngano na nafaka nyingine zinazovumilia baridi zilipona mahali ambapo mahindi yaliteketea.

Hata miaka ya karibu ina ushahidi wake. Machi 2007 kulikuwa na joto lisilo la kawaida katika sehemu kubwa ya mashariki na katikati ya Marekani. Miti ya matunda ikadhani majira yamefika, ikachanua mapema. Mapema Aprili baridi ikarudi, ikaunguza maua ya tufaha na mafyulisi na ngano shambani. Ufaransa nayo ilipatwa na jambo la namna hiyo Aprili 2021. Wenye mashamba ya mizabibu walikesha wakiwasha mioto na mishumaa mikubwa kati ya mistari ya mizabibu, na hata hivyo wengi walipata hasara kubwa. Dunia inazidi kuwa na joto, na katika nchi nyingi za baridi msimu wa kupanda umerefuka. Lakini joto linalowahi huita mimea itoke mapema, na jalidi moja iliyokawia yatosha kuikuta mlangoni.

SHAMBA MOJA SI SAWA NA JINGINE

Tarehe iliyoandikwa na kituo ni tarehe ya pale kilipo kituo. Shamba lililo umbali wa maili 2 laweza kuwa na tarehe yake lenyewe. Hewa baridi ni nzito, nayo huteremka mlimani usiku kama maji, ikajikusanya bondeni na mahali penye kishimo. Hivyo katikati ya mteremko huwa salama kuliko chini mtoni, ijapokuwa udongo wa chini ndio mzuri zaidi. Ua mnene uliopandwa chini ya mteremko huzuia baridi isiendelee, ikalala juu ya mboga. Ukuta wa mawe unaopigwa na jua mchana hutoa joto lake usiku, na mche uliopandwa karibu yake hupata nafuu.

Hatari inapokaribia, mkulima hufunika miche jioni kwa gunia, shuka kuukuu au nyasi, na kufunua asubuhi. Hutia maji udongo mchana, kwa kuwa udongo wenye unyevu hushika joto kuliko ulio mkavu. Wenye mitambo hunyunyiza maji usiku kucha, kwa maana maji yanapoganda hutoa joto kidogo. Lakini wakianza hawana budi kuendelea mpaka barafu iyeyuke, la sivyo madhara huzidi.

NYANDA ZA JUU ZA KENYA

Msomaji wa Mombasa au Kisumu ataona haya ni mambo ya mbali. Msomaji wa Kinangop, Ol Kalou au Molo hatasema hivyo. Uwanda wa Kinangop uko juu sana, mahali pengi zaidi ya futi 8,000, na jalidi huijua njia ya kufika huko. Januari 2012 jalidi iliunguza hata mashamba ya chai katika sehemu za Kericho na Nandi.

Lakini jalidi ya ikweta ina desturi tofauti. Hapa hakuna majira ya baridi kali wala tarehe mbili za kuwekea alama. Jalidi huandamana na kiangazi: mawingu yakiondoka, usiku ukiwa mkavu na mtulivu, hasa kuanzia Desemba hadi Februari, baridi hushuka, na mabonde huathirika kwanza. Kwa hiyo yule aliyekawia kupanda viazi katika mvua za vuli, vikawa na majani mororo mwezi wa Januari, amejiweka njiani pa adui. Aliyepanda mara mvua ilipoanza, au aliyeweka viazi mtelemkoni na kuliachia bonde kabichi na sukuma wiki, amepunguza hatari yake bila kutumia hata shilingi moja.

Hesabu ya watu wa nchi za baridi haiwezi kuchukuliwa nzima na kupandikizwa Nyandarua. Kinachoweza kuchukuliwa ni desturi iliyoizaa. Wao waliandika. Mkulima mwenye daftari, aandikaye siku ya mvua ya kwanza, siku aliyopanda, usiku wa jalidi, na sehemu gani ya shamba iliungua na ipi ilisalimika, baada ya miaka 10 atakuwa na kitabu cha shamba lake ambacho hakuna kituo kiwezacho kumpa. Mtoto asomaye shule aweza kukiandika kwa niaba ya mzazi asiyejua kusoma. Na mbegu zisiwekwe zote ardhini siku moja. Zigawanywe mara mbili au tatu, kwa kupishana majuma 2, na zao dhaifu liwe na zao stahimilivu kando yake, ili jalidi ikija usiku mmoja, asubuhi yake jikoni pasikose kitu cha kupika.